Laptopu haisemi na kila gari

Katika magereji ya Goma utasikia: "Gari lolote la injekisheni (linalopuliziwa mafuta kwa kompyuta), chomeka laptopu, litataja lenyewe ugonjwa wake." Si hivyo. Lugha ya pamoja ya kompyuta za magari, OBD-II, ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa ya petroli. Toyota nyingi za zamani kutoka Japani zina lugha yao, na hata tundu la pini 16 la kuchomekea laptopu si uthibitisho kwamba gari linasema OBD-II. Kwa nyingi, fundi huunganisha TE1 na E1, vitundu viwili vya tundu la uchunguzi la gari, kwa kipande cha waya, hufungua kontakti (swichi ya ufunguo), kisha huhesabu taa ya injini inavyomweka. Na tafadhali, msimbo wa hitilafu wa kihisi cha oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi) si amri ya kununua kipya: hewa inayopenya kwenye bomba la mpira lililopasuka huweza kuuleta. Kagua mipira na waya kwanza.