Potilaki ni nini? Kiswahili kilishaiita kula bia

Krismasi ikikaribia, simu za watu wa Kampala hujaa ujumbe wa aina moja: "Tarehe 26 tunakutana kwetu, ni potilaki." Wanaolijua neno hujibu papo hapo kwa kutaja chakula. Wasiolijua huuliza kila mtu anachanga shilingi ngapi. Ni vyema kuanzia hapo, kwa sababu potilaki si mchango wa fedha.

Ni mlo wa pamoja ambao kila nyumba inayoalikwa huja na chakula kilichokwisha pikwa, cha kuwatosha watu zaidi ya wake, kikawekwa meza moja kikaliwa na wote. Hapa Uganda tumezoea mikutano ya harusi, ambapo watu hutangaza ahadi za pesa na kamati ikatafuta mpishi. Hiyo ni michango. Tumezoea pia mgeni kufika na kilo mbili za sukari, au kuku hai aliyefungwa miguu. Kuku yule ni mali ya mwenyeji: akitaka atamchinja, akitaka atamfuga. Chungu cha potilaki ni mali ya meza.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, potluck, limeungwa na pot (chungu) na luck (bahati). Katika karne ya 16 lilimhusu mgeni aliyefika bila taarifa, akala alichokikuta jikoni. Maana ya kila mtu kuja na chungu chake ilishamiri baadaye sana, Amerika Kaskazini. Wengine hulihusisha na potlatch, sherehe ya kugawa mali ya wenyeji wa pwani ya Pasifiki huko huko Amerika Kaskazini, lakini maneno hayo yanafanana kwa sauti tu.

Kiswahili nacho kina lake, na ninasikitika kwamba tunaliacha lipotee. Watu wanaochanganya chakula chao wakala pamoja, kila mmoja akitoa sehemu yake, wanakula bia. Bia hiyo ni ushirika, haihusiani na kinywaji; ndiyo tunayoikuta katika "mali ya bia". Jirani yake ni kikoa, ambacho ni kula pamoja kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Kwa hiyo ndugu wanaozungukiana nyumba kwa nyumba msimu wa sikukuu wanakula kikoa, na wanaokutana siku moja kila mtu na sufuria yake wanakula bia.

Kinachowatatiza wengi ni heshima. Kwetu mwenye nyumba hulisha wageni, na kumwambia shemeji aje na mchuzi wake huonekana kama kumfukuza. Naielewa hofu hiyo, ila kazi ya mwenyeji wa potilaki si ndogo. Ndiye anayegawa vyungu: nani alete wanga, nani mchuzi, nani mboga, nani matunda. Asipogawa, kila mtu huleta kilicho rahisi kubeba, na meza hujaa chapati zisizo na cha kuchovya. Mimi humwachia kila mtu chakula anachojivunia, kisha najaza mapengo mwenyewe: rafiki wa Mbale na malewa yake, yaani machipukizi ya mianzi; jirani wa Kiacholi na malakwang, mboga ya majani; bibi wa Kinubi kutoka Bombo na kisra, mkate mwembamba, aliyoifunika kwa kawa, kile kifuniko cha kusukwa.

Safari ya chakula nayo inataka akili. Mchuzi kwenye bodaboda humwagika hata sufuria ikifungwa kwa leso, kwa hiyo mchuzi wape wanaoishi karibu. Matoke ndiyo husafiri vizuri, mradi yabaki ndani ya majani ya mgomba. Mwaka juzi shangazi alitoka nayo Mukono kabla ya adhuhuri, ameyaweka kikapuni, furushi zima limezungushiwa blanketi kuukuu. Msongamano wa magari ukamweka njiani kwa muda wa karibu saa mbili. Alipofungua majani mbele yetu, mvuke ulimpanda usoni na matoke yalikuwa bado manjano, laini. Yangekuwa kwenye sahani yangeshakauka na kuwa magumu.

Wali na pilau huwa naviangalia kwa jicho kali zaidi. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kikisubiri, kisubiri kikiwa moto kupita nyuzi 60. Bakteria wa wali wanaweza kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndiyo maana naacha sigiri mbili zikiwaka uani, na nataja saa ya kula, si saa ya kufika.

Meza ya Kampala kwa kawaida ina Waislamu na Wakristo. Tangazeni mapema kwamba nyama yote imechinjwa na Mwislamu, na nguruwe asije kabisa. Kumtenga pembeni hakutoshi, kwa sababu miiko ya kupakulia hutangatanga. Ulizeni pia kuhusu karanga: zimo kwenye malewa, zimo kwenye mboga nyingi za kaskazini, na anayedhurika nazo hawezi kuziona kwa macho. Kikaratasi chenye jina la chakula na vilivyomo, kikiegemezwa kwenye chungu, kinatosha.

Sahani na viti ni vya mwenyeji. Mwenye uhaba aulize chama cha munno mukabi cha mtaani, yaani cha majirani wanaosaidiana wakati wa shida. Vyama hivyo vingi vina masufuria makubwa na vyombo vya kuazima.

Vyombo vya watu viandikeni majina chini ya kitako, kwa rangi isiyofutika, maana jioni kila sufuria hufanana na mwenzake. Ile kawa ya bibi wa Bombo ilibaki kwetu baada ya potilaki moja. Tuliirudisha wiki iliyofuata ikiwa imefunika sinia la maembe.