Adui mdogo wa kitabu cha mwisho

Nahariri hadithi za watoto, na miswada ya vitabu vya kufungia mfululizo huniijia na ugonjwa uleule: jeshi limeongezeka, joka limeota kichwa cha pili, mchawi aliyekufa amefufuka na nguvu maradufu. Waandishi wengi huamini kwamba mwisho mkubwa lazima upate adui mkubwa. Wa namna hiyo huwatuma kwanza wakasome The Last Battle, kitabu cha saba na cha mwisho cha mfululizo wa Narnia, nchi ya kubuni ya wanyama wanaosema, alichokitoa C. S. Lewis mwaka 1956.

Humo maangamizi yanaanzia kwa sokwe mzee aitwaye Shift, punda asiyejiamini aitwaye Puzzle, na ngozi ya simba iliyookotwa majini. Sokwe anamvika punda ile ngozi, anamfungia bandani, anamtoa usiku tu kwenye mwanga wa moto, kisha anawaambia wanyama kwamba huyo ndiye Aslan, simba mtukufu aliyeiumba Narnia. Uchawi hakuna hata chembe. Kwa amri za Aslan huyo wa kughushi, misitu inakatwa na wanyama wanatumikishwa na watu wa Calormen, dola adui wa Narnia. Mtoto aliyesoma vitabu vilivyotangulia anamjua Aslan halisi. Anauona uongo tangu sura ya kwanza, na hana wa kumwambia. Hofu ya kitabu kizima imesimama hapo.

Mwandishi wa kawaida angeumaliza uongo kwa kuufichua. Lewis anaufichua mapema, na hapo ndipo mambo yanapozidi kuharibika. Tirian, mfalme wa Narnia, anawaonyesha vibete yule punda, akitarajia shukrani. Wao wanajibu kwamba wameshadanganywa vya kutosha, na sasa hawamtaki Aslan yeyote, awe wa kweli au wa uongo. Baadaye wanaketi kwenye majani mabichi, juani, wakishikilia kwamba wamo ndani ya banda lenye giza. Aslan mwenyewe anawaandalia karamu. Wanaila huku wakidai kwamba ni nyasi kavu na majani ya kabichi, na divai wanaiita maji ya hori la punda. Hakuna joka linalotisha kama ukurasa huo.

Penye udhaifu ni kwa Susan, mmoja wa watoto wanne wa dunia yetu waliowahi kuwa wafalme na malkia wa Narnia. Ndugu zake wote wapo mwishoni; yeye anaondolewa kwa maneno machache kuhusu soksi za nailoni, rangi ya mdomo na mialiko, na kaka yake Peter anabadili mazungumzo. Tukiwa bado tunaduwaa, tunaelezwa kwamba wengine wote wamekufa katika ajali ya treni. Maana yake Susan amebaki duniani bila wazazi wala ndugu, na kitabu hakisemi neno juu yake. Mwaka 1957 Lewis alimjibu mtoto mmoja kwa barua kwamba Susan bado ana muda wa kurekebika. Jibu zuri, lakini lilipaswa kuwa kitabuni. Huo ndio muswada ambao ningeurudisha kwa mwandishi na kalamu nyekundu pembeni mwa aya moja tu.