Mgongo wa aliyetibiwa saratani ya koo si wa kukandwa

"Baridi tu hiyo, akandwe." Nimechoka kuisikia. Mtu alitibiwa saratani ya koo au ulimi, mgongo ukaanza kumuuma, basi ni mafuta ya karafuu na hijama. Hospitali analetwa miguu imeshalegea.

Kweli, saratani za kichwa na shingo si kawaida kufika mifupani. Zikivuka tezi za shingo, mara nyingi huangukia mapafu. Ila mfupa nao umo, na saratani inayoanzia nyuma ya pua huuandama zaidi. Seli zake hupita kwenye damu, zikatua kwenye pingili za mgongo, nyonga, mbavu au paja, zikachochea mfupa ulike. Mfupa wa namna hiyo huweza kuvunjika mtu akijigeuza tu kitandani, sembuse kukandamizwa na goti la mkandaji. Mgongo wa kubeba magunia hupoa ukilala. Huu humwamsha mtu usiku, na kila wiki umezidi. Miguu ikiingia ganzi au ikikosa nguvu, au mkojo ukigoma kutoka, ni dharura ya siku hiyohiyo, msingoje miadi. Anayefika angali anatembea ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuendelea kutembea.

Na msiniambie eksirei ilikuwa safi. Eksirei haioni kitu mpaka mfupa upoteze kati ya theluthi na nusu ya madini yake. Maumivu yakiendelea, ulizieni MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku.

"Sasa ana saratani mbili." Hana. Ni ileile ya koo, imehamia tu. Aliyeliwa taya na saratani ya ufizi ni habari nyingine: ufizi umelalia mfupa, uvimbe umepenya hapohapo, na upasuaji huenda ukamponya.

Eti kukatwa kinyama, kile kipande cha uvimbe cha kupimwa, ndiko kulikoitapanya saratani? Kinyama hukatwa tujue tunatibu nini. Kinachoipa nafasi ni ile miezi ya kukikwepa.

Tena mofini, ile dawa kali ya maumivu, si dawa ya kuagana. Kwa maumivu ya mfupa, mionzi ya mara moja mara nyingi hutosha, na wagonjwa wetu wengi huifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini nafuu yake huweza kuchukua wiki kadhaa, na mtu lazima alale. Mpeni mofini kwa saa zake, asisubiri mpaka alie, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.