Upungufu wa Damu na Vitamini Kabla ya Kushika Mimba: Maswali na Majibu

Kwa nini tuzungumzie damu ya mwanamke ambaye hata mimba hajapata?

Kwa sababu kliniki ya wajawazito, kwa wanawake wengi, huanza ikiwa imeshachelewa kwa baadhi ya mambo. Mwanamke hukosa hedhi, husubiri mwezi wa pili ili ajihakikishie, huona haya kutangaza mapema, kisha hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Ilhali mrija wa neva, ambao ndio huja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, huwa umekwisha kufunga ifikapo siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, yaani hedhi ikiwa imechelewa kwa wiki mbili tu. Mama akiwa na upungufu wa asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini B, katika siku hizo, hatari ya mrija huo kushindwa kufunga huongezeka, na mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, hali ambayo mara nyingi huambatana na kichwa kikubwa. Watoto hao ndio hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, kufanyiwa upasuaji. Kidonge cha foliki kinachoanza kumezwa mwezi wa tano ni kizuri kwa mambo mengine, lakini mrija ule hakiwezi kuufunga tena.

Kwa madini chuma, suala ni la akiba. Mimba moja huhitaji takribani miligramu 1,000 za madini hayo tangu mwanzo hadi kujifungua: mengine huenda kwa mtoto na kondo la nyuma, mengine hutumika kutengeneza damu ya ziada ya mama mwenyewe, na mengine hupotea na damu ya uzazi. Wanawake wengi huingia katika safari hiyo wakiwa na akiba isiyozidi miligramu 300, na wengine hawana akiba kabisa. Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, kutoka asilimia 45 ya mwaka 2015/16. Kwa kasi hiyo ndogo ya kushuka, hakuna sababu ya kumngoja mwanamke apate ujauzito ndipo tumuulize habari za damu yake.

Nitajuaje kwamba damu yangu imepungua?

Huenda usijue. Upungufu unaoingia polepole mwili huuzoea, na mwanamke huishia kusema kwamba yeye ni mtu wa kuchoka tu. Dalili zinazopaswa kumshtua ni moyo kwenda mbio anapobeba ndoo ya maji au kupanda ngazi, kizunguzungu anapoinuka, kichwa kuuma mara kwa mara, na hamu ya kula vitu ambavyo si chakula: barafu, mchele mbichi, au ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni. Wengi hudhani udongo ni hamu ya wajawazito peke yao; asiye na mimba anayeutafuna kila siku naye anastahili kupimwa, kwani huo udongo wenyewe huweza kuzuia madini chuma yasifyonzwe. Rangi ya uso haisemi mengi. Vuta kope la chini utazame kama ndani yake pamepauka, au linganisha kiganja chako na cha mtu mwenye afya.

Uhakika hutoka kwenye kipimo, nacho ni chepesi: tone la damu kutoka kidoleni huwekwa kwenye kijimashine kidogo, na baada ya muda mfupi husomwa kiwango cha himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na chini ya 8 ni upungufu mkali unaohitaji hospitali bila kuchelewa. Kiwango cha 11 kinachotajwa sana kliniki ni cha wajawazito, ambao damu yao huongezeka maji na kuwa nyepesi. Ndiyo maana mwanamke asiye na mimba akiambiwa ana 11.4 na kwamba hana tatizo, ana haki ya kuuliza tena.

Ninakula vizuri. Damu inakwenda wapi?

Mara nyingi inatoka. Hedhi nzito huongoza, na ni vigumu kuijua kwa sababu kila mwanamke hupima hedhi yake kwa hedhi yake mwenyewe. Ikiwa pedi inaloa na kukulazimu kuibadilisha kila baada ya saa moja au mbili, ikiwa yanatoka mabonge makubwa, au ikiwa damu inapita siku saba, hiyo ni nzito, na huenda chanzo ni uvimbe wa faibroidi katika mfuko wa uzazi au kitanzi cha shaba kinachotumiwa kupanga uzazi. Kumeza vidonge vya kuongeza damu huku hedhi ya namna hiyo ikiachwa bila kutibiwa ni kujaza maji kwenye pipa lililotoboka.

Kisha kuna minyoo. Kiswahili kina neno la zamani, safura, kwa minyoo wanaoingia kupitia ngozi ya mtu anayekanyaga peku udongo wenye kinyesi, wakajishikiza utumbo mwembamba na kunyonya damu, na kwa ule upungufu wa damu wanaouleta. Lugha yenyewe imekwisha kuunganisha chanzo na matokeo. Dawa ya minyoo ni nafuu na hupatikana zahanati. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, kichocho huzitoa kwa mkojo au choo, na uzazi wa kufuatana humaliza akiba kabla haijarudi, ndiyo sababu hushauriwa ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi mimba inayofuata.

Chakula gani huongeza damu kweli?

Madini chuma yanayofyonzwa vizuri zaidi hutoka kwenye nyama, maini, kuku na samaki. Dagaa wanastahili heshima kuliko wanayopewa, kwa kuwa ni wa bei nafuu na huliwa wazima. Maharage, kunde, choroko na mboga za majani nazo zina madini hayo, ila mwili huchukua sehemu ndogo tu, na sehemu hiyo hutegemea sana kilicholiwa pamoja nazo.

Chukua sahani ya kawaida: ugali, maharage na matembele, na pembeni kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Chai ile hufunga madini chuma ya maharage yakiwa bado tumboni, na mengi huishia chooni. Sasa kiondoe kikombe, ukinywe baada ya saa moja au mbili, na mahali pake weka chungwa la Muheza, kipande cha papai, au kamulia limau juu ya mboga. Vitamini C hugeuza madini yale kuwa katika hali ambayo utumbo unaipokea. Gharama ya badiliko hili ni ndogo mno, na sijui jambo jingine la lishe lenye faida ya haraka namna hiyo kwa mtu asiyemudu nyama. Matembele yenyewe yasipikwe yakasagika, wala maji yake yasimwagwe, kwa kuwa foleti (foliki ya asili iliyomo katika chakula) na vitamini C huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto mrefu.

Tazama pia mfuko wa unga. Tangu kanuni za Tanzania za mwaka 2011, viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga, yakiwamo madini chuma na asidi ya foliki. Unga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Na juisi ya rosela, bitiruti, au vinywaji vyekundu?

Wekundu hauongezi damu. Rosela na bitiruti ni vinywaji vizuri, na bitiruti ina foleti, lakini hakuna kati yao kinachoweza kutibu himoglobini ya 8. Soda nyekundu ni sukari na rangi. Maziwa yana faida zake, ila kalsiamu yake hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma, hivyo yasinywewe pamoja na kidonge.

Nimeze vidonge gani, na lini?

Anayetarajia kupata mimba ameze asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi mimba ifikishe wiki 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, miligramu 4 hadi 5, kwa ushauri wa daktari. Hapo pana jambo la kuangalia: vidonge vingi vya foliki katika maduka ya dawa ni vya miligramu 5, na kiasi hicho huweza kudhoofisha dawa ya SP wanayopewa wajawazito kujikinga na malaria. Ukianza kliniki, mwonyeshe muuguzi boksi lenyewe.

Mwenye upungufu uliothibitishwa hupewa vidonge vya madini chuma, mara nyingi vile vya FEFO vyenye foliki ndani yake. Choo kitakuwa cheusi, na hilo lisikutishe. Kichefuchefu na choo kigumu hutokea. Kumeza siku moja na kuacha moja huwasaidia wengi, tena huufanya utumbo ufyonze vizuri zaidi. Himoglobini ikifika inapotakiwa, endelea kwa miezi mitatu hivi ili akiba ijae. Viweke mbali na watoto: vichache tu huweza kumuua mtoto mdogo.

Vitamini nyingine je?

Vitamini B12 kwa asili hupatikana katika vyakula vya wanyama tu, kwa hiyo asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, pamoja na anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, ajipime. Foliki peke yake huweza kuficha upungufu huo huku neva zikiharibika. Kuhusu vitamini A, kula karoti, mchicha na maembe, lakini usimeze vidonge vyake vya nguvu bila kuandikiwa, kwani vikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mume wangu anahusikaje?

Anahusika kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kumeza madini chuma kwa kubahatisha, maana upungufu wake wa damu una chanzo kingine na madini huweza kurundikana mwilini. Wengine hubeba kinasaba kimoja tu na hawaumwi chochote, ila wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Siku utakapokwenda kupima wingi wa damu, nendeni pamoja, na mwombe mpimwe selimundu nyote wawili.