Nywila uliyoichagua mwenyewe ndiyo ninayoijaribu kwanza

Nikikabidhiwa faili la nywila nilipime uimara wake, sianzi na hesabu nzito. Naanza na 123456. Zinafuata 123456789, qwerty, password na 111111, halafu majina ya watu, majina ya timu, na neno "nakupenda" katika kila lugha niliyonayo kwenye orodha. Mwenye faili, ambaye ndiye aliyenipa kazi na kibali cha maandishi, mara nyingi huvuta kiti kutazama skrini, na kabla hajakaa sawasawa nywila za kwanza zimeshafunguka. Wengi huuliza nimetumia ujanja gani. Hakuna ujanja mkubwa: watu wakiachiwa wachague, huchagua yale yale.

Ushahidi upo wa kutosha. Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza programu ndogo za mitandao ya kijamii, iliibiwa nywila takriban milioni 32, zote zimehifadhiwa wazi kama zilivyoandikwa. Iliyoongoza ilikuwa 123456, iliyotumiwa na akaunti kama 290,000, yaani karibu moja katika kila akaunti 110. Ukiondoa zilizojirudia, zilibaki nywila kama milioni 14, na orodha hiyo mpaka leo imo kwenye mashine za watu wa kazi hii, wema na wabaya.

Oktoba 2013 ikawa zamu ya Adobe, kampuni ya programu za kompyuta, na kisa chake hunivutia zaidi. Nywila zilikuwa zimefichwa, lakini kwa ufunguo mmoja na kwa namna ambayo nywila mbili zinazofanana zilitoa msimbo ule ule. Tena kando ya kila msimbo kilikaa kidokezo ambacho mwenye akaunti alijiandikia ili akisahau akumbuke, na vidokezo havikufichwa kabisa. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya ufunguo. Unauchukua msimbo uliojirudia mara nyingi, unasoma vidokezo vyake vyote kwa pamoja, na jibu linajileta. Mtu aliyekuwa makini asiandike kidokezo chochote aliumbuliwa na wenzake asiowajua, kwa kuwa tu walichagua kama yeye. Akaunti karibu milioni 1.9 zilikutwa na 123456.

Tabia hii si ya vijana wa simu. Nywila za kompyuta zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, pale Fernando Corbató na wenzake walipojenga mfumo wa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja, kila mtu na mafaili yake. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya utafiti ya Bell Labs walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289 za watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa Unix. Kati ya hizo, 15 zilikuwa na alama moja tu. Alama moja! Nyingine 72 zilikuwa na alama mbili, na 464 alama tatu. Ukijumlisha zilizokuwa fupi au nyepesi mno na zilizokuwa maneno ya kamusi, ilikuwa 86% ya zote. Na hao walikuwa watu waliogusa kompyuta wakati walimwengu wengi hawajawahi kuiona. Miaka tisa baadaye, Novemba 1988, programu inayojieneza yenyewe ilizisimamisha kompyuta nyingi za intaneti changa ya wakati ule. Moja ya njia zake za kuingia ilikuwa kujaribu jina la mtumiaji lenyewe, kulijaribu kinyumenyume, kisha kupitia orodha ya maneno 432 iliyoibeba tumboni. Aliyeiandika ni Robert Tappan Morris, mtoto wa yule yule Morris wa Bell Labs.

Pamoja na hayo yote, sipendi kusikia wataalamu wenzangu wakiwaita watu wajinga. Mwaka 2007 Dinei Florêncio na Cormac Herley wa Microsoft walichapisha utafiti uliofuatilia, kwa ridhaa yao, watumiaji kama nusu milioni. Mtu wa wastani alikuwa na akaunti 25 zinazotaka nywila, na nywila zenyewe alikuwa nazo sita na nusu, kila moja akiitumia kwenye tovuti karibu nne. Hiyo ni kabla simu hazijajaa programu ambazo kila moja inataka akaunti yake. Mtu anayeombwa siri mpya kila wiki hubana matumizi ya kichwa chake, na kwa upande wake ni uamuzi wenye akili. Huchagua kinachokumbukika, na kinachokumbukika ni chenye maana kwake: jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, ampendaye, Mungu wake. Balaa ni kwamba vitu vyenye maana maishani ni vichache na tunavyo wote.

Hata anayekimbia maana hafiki mbali. Akiacha vidole vitembee ovyo kwenye kibodi, hutoka 1qaz2wsx, ambayo kwake inaonekana kama fujo tupu. Itazame kibodi: ni safu mbili za kwanza kushoto, kutoka juu kwenda chini. Imo kwenye orodha zote.

Kwenye namba za siri za tarakimu nne hali ni mbaya zaidi, maana uwanja wenyewe ni mdogo, michanganyiko 10,000 tu. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2012, uliotumia nywila milioni 3.4 za tarakimu nne zilizowahi kuvuja, ulikuta 1234 peke yake ni karibu 11%, 1111 ni kama 6% na 0000 karibu 2%. Hizo ni nywila za tovuti, si za benki, lakini vidole ni vile vile. Mwizi mwenye majaribio matatu kabla ya kufungiwa angefanikiwa kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya sita. Namba zinazoanza na 19 nazo zilijaa, na sababu unaijua.

Sasa tuje kwenye kanuni, maana hapa ndipo fani yetu inapostahili lawama. "Weka herufi kubwa, tarakimu na alama maalumu." Kanuni hiyo ilisambaa sana kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambao kiambatisho chake cha nywila kiliandikwa na Bill Burr mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwenye karatasi ina mantiki: alama zikiongezeka aina, michanganyiko huongezeka. Ila inasahau kwamba anayetii ni mtu. Mtu aliyezoea kuandika baraka akilazimishwa huandika Baraka2019!, herufi kubwa mwanzoni, mwaka mwishoni, na alama ya mshangao ya kufungia. Tovuti humpongeza kwa mstari wa kijani, ule wa kupima uimara wa nywila.

Tuipime hiyo Baraka2019! kwa karibu. Ina alama 11. Ukichukulia kwamba kila alama ingeweza kuwa yoyote kati ya 95 za kibodi, idadi ya michanganyiko inaandikwa kwa tarakimu 22. Hiyo ndiyo hesabu inayofanywa na ule mstari wa kijani. Mimi sifanyi hesabu hiyo. Nachukua maneno na majina 100,000 yanayopendwa, naiambia programu ikuze herufi ya kwanza, ibandike mwaka wowote kati ya 50, halafu alama moja kati ya tano ambazo watu hupenda kumalizia. Jumla ni makisio milioni 25. Ukibadilisha a kuwa @ na o kuwa 0, unaniongezea kazi mara chache tu, kwani mabadiliko hayo nayo yameandikwa kwenye kanuni za programu za kuvunja nywila tangu zamani.

Na milioni 25 ni kidogo kiasi gani? Tovuti makini haihifadhi nywila yako. Huipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma na kuhifadhi matokeo, yaani heshi. Aliyeiba faili la heshi hukisia nywila, huikokotoa kwa hesabu ile ile, kisha hulinganisha matokeo. Kama tovuti ilitumia hesabu nyepesi ya kizamani kama MD5, kadi moja tu ya michoro ya daraja la juu hufanya makisio zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde. Milioni 25 huisha kabla hujapepesa jicho. Hata nywila yoyote ya herufi ndogo nane, ikiwa imetupwa ovyo kabisa, imo ndani ya michanganyiko bilioni 209 hivi, na hiyo haimalizi sekunde tatu. Zipo hesabu zilizotengenezwa makusudi ziwe nzito, kama bcrypt ya mwaka 1999, ambazo hushusha kasi hiyo mara mamilioni. Lakini wewe mtumiaji huambiwi tovuti yako imetumia ipi. Mwaka 2012 heshi milioni 6.5 za LinkedIn zilipovuja, ilibainika ni SHA-1, hesabu nyingine nyepesi, bila ile nyongeza ya nasibu, tunayoiita chumvi, ambayo hufanya nywila mbili zinazofanana zitoe heshi tofauti.

Kanuni ya pili iliyotuharibia ni ile ya kulazimisha kubadilisha nywila kila miezi mitatu. Mazoea yana taabu: Baraka2019! inakuwa Baraka2020!, au alama ya mshangao inakuwa mbili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichukua nywila za zamani za akaunti zaidi ya 7,700 zilizokuwa chini ya kanuni hiyo, wakajaribu kupata mpya kwa kuitazama iliyopita. Katika 17% ya akaunti walizozipima, makisio yasiyozidi matano yalitosha. Mwaka 2017 NIST ikageuza msimamo: acheni kudai mchanganyiko wa alama, acheni kubadilishisha watu nywila bila sababu, ruhusuni nywila ndefu, na kataeni zile ambazo zimeshavuja. Burr mwenyewe aliliambia gazeti moja la Marekani mwaka huo kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Ofisi nyingi bado zinafuata toleo la zamani.

Kuna hoja ninayoisikia kila mahali: "Mimi nina nini cha kuibiwa?" Anayeisema hudhani mshambuliaji amekaa akamchagua yeye. Mara nyingi ni kinyume, huchaguliwa nywila, siyo mtu. Mshambuliaji huchukua moja inayopendwa na kuipitisha kwenye akaunti maelfu, jaribio moja kwa kila akaunti, hivyo kufuli la majaribio matatu halishtuki. Au huchukua barua pepe na nywila zilizovuja kwenye tovuti moja ndogo iliyosahaulika na kuzijaribu kwenye barua pepe, benki na mitandao ya kijamii. Hapo hata nywila ngumu haisaidii ikiwa imetumika mara mbili. Na akishaingia kwenye barua pepe yako, zilizobaki ataomba tu zibadilishwe na viungo vitamfikia yeye.

Kama unataka kujua iwapo nywila imeshavuja, Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mitandao wa Australia, aliianzisha huduma ya Have I Been Pwned mwaka 2013, na sehemu yake ya nywila haihitaji uitume nywila nzima: kifaa chako huikokotoa heshi, hutuma alama tano za mwanzo tu, hupokea heshi zote zinazoanza hivyo, na kulinganisha hapo hapo kwako.

Ninachowashauri watu ni kuacha kuchagua. Programu ya kutunza nywila ibuni nywila ndefu ya ovyo kwa kila akaunti na kuikumbuka kwa niaba yako, halafu uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani tovuti ikuombe kitu cha pili baada ya nywila, hasa kwenye barua pepe. Asiyeiamini programu aandike kwenye daftari akalifungie kabatini. Mdukuzi aliye bara jingine hafungui kabati, na ninashangaa bado tunawatisha watu kuhusu karatasi.

Inabaki nywila moja au mbili za kukaa kichwani, ile ya programu yenyewe na pengine ya kompyuta. Hapo tumia dadu. Njia hii aliieleza Arnold Reinhold mwaka 1995, na inaitwa Diceware: orodha ya maneno 7,776, kila neno na namba yake ya tarakimu tano, kila tarakimu kati ya 1 na 6. Unatupa dadu mara tano, unasoma neno, unaliandika, kisha unarudia hadi yatimie sita. Orodha inaweza kuwa ya lugha yoyote na haina haja ya kuwa siri, kwa sababu nguvu yote iko kwenye dadu. Maneno sita hutoa michanganyiko ya tarakimu 24, ambayo kwa kasi ile ile ya bilioni 100 kwa sekunde ingechukua miaka kama 70,000 kumalizwa.

Watu hukosea sehemu moja. Wakipata maneno sita yasiyoelewana, hutupa tena, na tena, hadi yatoke yanayounda sentensi nzuri au picha ya kuchekesha, na hapo wamerudi kuchagua. Chukua sita ya kwanza kwa mpangilio yalivyotoka, hata kama hayapendezi. Yaandike kwenye karatasi, yachape kila siku hadi vidole viyazoee, ndipo uichane karatasi.