Doa la ufunguo haliishi, linahama tu

Kwenye hadithi ya Ndevu Buluu kuna ufunguo mmoja mdogo ambao mi nimeuwaza kuliko kitu kingine chochote kwenye ngano zote nilizosoma, na nimesoma nyingi maana ndo kazi yangu, nafundisha ngano na namna zinavyosimuliwa upya. Mwanaume tajiri mwenye ndevu za rangi ya buluu, ameshaoa mara kadhaa na hakuna ajuaye hao wake wameishia wapi, anaoa binti mdogo, anamkabidhi funguo za nyumba nzima, anamwambia fungua popote ila kile chumba cha chini usikiguse, afu anasafiri. Binti anafungua. Sakafu imejaa damu iliyoganda na wale wake wa mwanzo wote wamo, maiti, wamepangwa ukutani. Ufunguo unamponyoka mkononi unaangukia kwenye damu. Anaufuta, anauosha, anausugua kwa mchanga, wapi! Akisafisha upande huu doa linatokea upande ule.

Charles Perrault aliyeichapisha Ufaransa mwaka 1697 alimalizia na funzo, na funzo lenyewe ni kwamba udadisi unampendeza mtu kwa muda mfupi halafu unamletea majuto. Yaani chumba kizima cha maiti halafu anayeonywa ni yule aliyefungua mlango. Akaongeza na funzo la pili, kwamba hayo ni mambo ya zamani, waume wa siku hizi hawako hivyo tena. Nimeifundisha hii hadithi sijui mara ngapi na hapo bado napandwa na hasira.

Nimeanza na huo ufunguo kwa sababu kila siku nasikia lawama ileile, kwamba wanawake wanaoandika upya ngano kwa jicho la kifeministi wameziharibu, wameingiza damu na ubakaji na ukatili kwenye hadithi za watoto zilizokuwa safi. Safi lini? Mchukue Mrembo Aliyelala. Giambattista Basile wa Napoli aliiandika kabla ya Perrault, ikachapishwa miaka ya 1634 hadi 1636 akiwa ameshafariki, na kwake hakuna busu. Mfalme anamkuta Talia kalala hajitambui, anamwingilia, anaondoka zake na kwa muda mrefu hata hamkumbuki. Talia anazaa mapacha akiwa usingizini na kinachomwamsha ni mtoto anayetafuta ziwa, anakosea ananyonya kidole, anakitoa kile kibanzi cha kitani kilichomlaza. Na mfalme ana mke! Mke akijua anaagiza wale watoto wapikwe, mwishowe anaungua yeye kwenye moto aliomwashia Talia, na mfalme anamwoa Talia, hadithi imeisha, wote raha.

Sasa angalia ilivyosafishwa. Perrault akamfanya mfalme kuwa mwana wa mfalme mwenye adabu, kijana anapiga magoti tu na binti anaamka, na mke mwenye hasira akageuzwa kuwa mama mkwe anayekula watu. Ndugu Grimm, wale wakusanyaji wa ngano kule Ujerumani, wakaondoa na huyo mama mkwe, wakaleta busu. Mwanaume katoka kwenye ubakaji kafika kwenye busu. Doa nalo lilikuwa la mfalme, likahamia kwa mke wake, toka kwa mke likaenda kwa mama mkwe, na ukiwauliza watu leo ubaya wa hadithi hii uko wapi watakuambia ni yule ajuza aliyetoa laana.

Ukishaliona hilo utaliona kila mahali. Toleo la kwanza la Grimm, 1812, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi, aliyembeba tumboni na kumwombea awe mweupe kama theluji. Toleo la 1819 kashakuwa mama wa kambo. Hansel na Gretel hivohivo, mama aliyesema watoto wakatupwe msituni alikuwa mama yao, kufika 1840 ni wa kambo. Umama ukabaki mtakatifu na mzigo wote akatwishwa mwanamke mgeni. Na baba je? Baba wa Hansel ndo aliyewapeleka msituni kwa miguu yake mwenyewe, na mwisho wa hadithi watoto wanamrukia shingoni kwa furaha. Baba wa Snow White akishaoa tena hatajwi kabisa, mtoto wake anawindwa humo humo ndani ya nyumba na yeye kimya. Mwaka 1979 wahakiki wa fasihi Sandra Gilbert na Susan Gubar walisema jambo ambalo lilinibadilishia usomaji wangu wote, kwamba huyo baba hajaondoka, sauti inayotoka kwenye kile kioo ambacho malkia anakiuliza nani mzuri kuliko wote ni yake, yeye ndo anayeamua nani mzuri na nani kaisha, na wale wanawake wawili wanauana kwa sababu ya hukumu yake.

Ila inayoniumiza kuliko zote ni ya binti asiye na mikono. Kwa Grimm, mwenye kinu cha kusagia nafaka anamuuza binti yake kwa shetani bila kujua, kisha anamkata mikono kwa kuogopa asichukuliwe yeye, na binti anasema nifanye utakavyo, mi ni mwanao. Hapo tayari ni giza tupu. Lakini hao hao ndugu waliandika kwenye maelezo yao kwamba kuna msimulizi alikuwa nayo kwa namna nyingine, baba alitaka kumwoa binti yake, akakataliwa, ndo akamkata. Walikuwa nazo zote mbili mkononi na iliyoenda kwa wasomaji ni yenye shetani. Kwa hiyo mwandishi wa leo akimtoa shetani akamrudisha baba, kosa lake liko wapi? Karudisha kilichokuwepo.

Angela Carter, mwandishi Mwingereza, alimtafsiri Perrault kwa Kiingereza, ikatoka 1977, na miaka miwili baadaye akatoa The Bloody Chamber, kitabu cha hadithi ambamo Ndevu Buluu inasimuliwa upya. Kwa Perrault bibi harusi anaokolewa na kaka zake wanajeshi. Kwa Carter anayekuja ni mama, juu ya farasi, na bastola ya marehemu mumewe, na anapiga risasi moja. Watu wengi wanakipenda hicho kipande na mi nakipenda, lakini ukali wenyewe uko kwenye ufunguo. Mume anaugandamiza kwenye paji la uso la mkewe na alama nyekundu inabaki pale, hata mume akishakufa, hata binti akishapata maisha mengine, hakuna poda inayoifunika. Carter hakumpa ushindi wa bure, kalirudisha lile doa tulione liliwekwa na mkono wa nani.

Ndo maana zile za kumpa binti upanga na kumfanya mwana wa mfalme mjinga hazinishiki. Nyingi bado zinahitaji mwanamke mzee mwenye wivu wa kuchinjwa ukurasa wa mwisho. Doa limehama tena.

Na ninachotamani watu wajue ni kwamba wasimulizi wa zamani, ambao wengi waliowapa Grimm hadithi zao walikuwa wanawake, walishafika huku kabla yetu. Hadithi namba 46 kwenye mkusanyiko wa Grimm ni ndugu wa Ndevu Buluu, ila mchawi anatoa funguo pamoja na yai, na yai likidondokea kwenye damu halisafishiki. Dada wawili wanakamatwa hivyo na kukatwakatwa. Wa tatu anafanya kitu kidogo sana, anaweka yai mahali salama kwanza, ndo anaenda kufungua mlango. Hakuna doa, mchawi anaamua huyu ndo atakuwa bibi harusi wake, na hana tena nguvu juu yake. Anawakuta dada zake vipande vipande, anawaunga kichwa na mwili na mikono na miguu, wanapumua, anawaficha kwenye kapu chini ya dhahabu na kumbebesha mchawi mwenyewe awarudishe kwao bila kujua. Kisha anachukua fuvu, analipamba maua, anaweka dirishani kama bibi harusi, anajipaka asali, anajigaragaza kwenye manyoya na kutoka.

Njiani anapishana na wageni wa harusi. Wanamuuliza, ewe ndege, bibi harusi anafanya nini? Anawajibu amefagia nyumba yote, sasa yuko dirishani anachungulia. Mchawi naye anapita, anauliza hivyohivyo, anajibiwa hivyohivyo, anainua macho anaona fuvu anadhani ni mkewe analisalimia kwa upole. Baadaye ndugu wa binti wanafunga milango na kuichoma nyumba na wote waliomo. Yeye tunamwacha barabarani, asali bado mwilini, na hakuna aliyeandika alifika wapi wala nani alimsaidia kuyatoa yale manyoya. Mwandishi akinijia na hadithi inayoanzia hapo nitaisoma usiku huohuo.