Msawazo wa joto: maji moto yanapochanganywa na maji baridi

Msawazo wa joto ni hali inayofikiwa pale vitu viwili vyenye halijoto tofauti vinapogusana hadi joto likome kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Chenye moto hupoteza joto, chenye baridi hulipokea, na iwapo hakuna joto linalopotelea nje, kiasi kilichotoka huwa sawa na kiasi kilichoingia. Mkazi wa Nakuru anayechanganya maji ya kuoga kwenye beseni asubuhi ya Julai huitegemea kanuni hii, ingawa kipimajoto chake ni mkono.

Halijoto na joto ni vitu viwili. Halijoto huonyesha kitu kina moto wa kiwango gani, ilhali joto ni nishati inayohama, na kiasi chake hutegemea pia uzito wa kitu chenyewe. Ndiyo sababu maji ya nyuzi 80 yakitiwa kwenye maji ya nyuzi 20 hayatoi nyuzi 100, wala hayatoi 50 isipokuwa yawe na uzito sawa.

Tuchukue gramu 200 za maji ya nyuzi 80 za Selsiasi na gramu 300 za maji ya nyuzi 20. Kila gramu ya maji huhitaji takriban jouli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1. Kwa hesabu, mchanganyiko utatulia kwenye nyuzi 44: maji moto yameshuka nyuzi 36 na kutoa jouli 30,240, na maji baridi yamepanda nyuzi 24 na kupokea jouli zizo hizo 30,240.

Anayelifanya jaribio hili kwa vitendo hupata chini ya 44, na hapo ndipo linapoanza kuvutia. Chombo nacho hudai sehemu yake. Kikombe cha kioo chenye gramu 300, kilichokuwa na maji baridi tangu mwanzo, hufyonza joto kama gramu 60 za maji, na kwa hivyo mchanganyiko hukomea karibu na nyuzi 41, hata kabla ya kuhesabu kinachochukuliwa na hewa. Kikombe chepesi cha plastiki, kilichowekwa ndani ya kingine na kufunikwa kwa kadibodi, hupunguza sana hasara hiyo.

Kosa jingine ni kudhani kuwa maji yanayochemka yana nyuzi 100 popote pale. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kanieneo ya hewa huko ni ndogo, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, iliyo chini zaidi kando ya ziwa, huchemka karibu na 96. Mwanafunzi anayeandika 100 bila kupima ameshaiharibu hesabu yake kabla ya kumimina tone.

Baada ya kumimina, maji yakorogwe polepole kabla ya kipimajoto kusomwa, kwa sababu maji moto ni mepesi kuliko baridi na huelea juu kwa muda, na kipimajoto kilichochovywa juujuu kitasoma tabaka hilo tu.